Onyesha Kabla Hujanyoa

Mhadhara kuhusu nywele za wanaume, Kipushi, Haut-Katanga

Najua Jumamosi ni siku ya soko, ya matanga na ya mpira. Kuja kwenu kumsikiliza muuguzi akizungumza habari za nywele ni heshima kubwa, nami nitajitahidi isiende bure.

Nianzie kwenye kibanda cha kinyozi. Miezi mitano iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikingoja zamu yangu, katika mojawapo ya vibanda vya mbao vya hapa mjini, vile vyenye vichwa vilivyochorwa mlangoni kwa rangi ya mafuta. Mbele yangu alikuwa kijana mwenye mabega ya mtu wa kubeba magunia. Alipovua kofia, mkono wa kinyozi ulisimama hewani, mashine ikabaki inanguruma peke yake. Kinyozi akainama, akagusa kisogo cha kijana kwa ncha ya kidole, akamwambia kwa sauti ya chini: “Ndugu, huku nyuma kuko kitu.” Kijana hakuuliza ni kitu gani. Alijibu: “Toa.” Kisha akaongeza: “Toa yote.”

Hazikupita dakika tano, kichwa kizima kikawa kinang'aa, kimepanguswa kwa spiriti, na kile kitu hakionekani tena. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukiona: doa la mviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa, laini kama ngozi ya kiganja, lisilo na magamba wala usaha. Ukingoni mwake zilikuwapo nywele chache fupi, nyembamba kwenye ngozi na nene kwenye ncha, kama alama ya mshangao. Hizo nywele fupi ndizo zilizonifanya nimfuate kijana nje. Tuliyozungumza nitawaeleza mwishoni, kwa ruhusa yake.

Nimekuja kusema neno moja, na mengine yote yatalizunguka: mwanaume, onyesha kabla hujanyoa. Mahali nywele zinapopungua, umbo la pengo, hali ya ngozi iliyo chini yake, na lini lilianza: mambo hayo manne ni ramani. Munganga, yaani tabibu, anayejua kuisoma anaweza kuanzia kichwani akafika kwenye damu, kwenye tezi, kwenye sahani ya chakula, hata kwenye kiwembe cha kinyozi. Mwenye kunyoa yote kwa aibu anaikunja ramani hiyo na kuitupa, halafu anakuja kuuliza njia.

Mama akiona nywele zimebaki kwenye kitana humwambia dada yake jioni ile ile. Mwanaume hununua kofia. Nimepokea kituoni wanaume waliovaa kofia miaka miwili, wakalala nayo, wakaiona ngozi ya kichwa chao wenyewe kwa mara ya kwanza nilipowashikia kioo. Aibu hiyo ina gharama, na kutojua kuna gharama kubwa zaidi. Juni 2017, nchini Msumbiji, polisi walilazimika kuwaonya wanaume wenye upara wajihadhari, baada ya baadhi yao kuuawa huko Milange, mkoani Zambezia, kwa imani kwamba kichwani mwa mwenye upara mna dhahabu. Watu waliuawa kwa ajili ya ngozi ambayo nywele zimeihama tu. Sisi tunaoishi juu ya mawe yenye mali tunapaswa kuwa wa kwanza kujua upara ni nini.

Ramani ya kawaida

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila unywele una maisha yake. Hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika miezi kama mitatu, halafu huanguka na kumpisha mwingine katika shimo lile lile. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Unywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na wa kwetu Waafrika hukua polepole kidogo kuliko hapo.

Upara wa kawaida wa wanaume una njia yake inayojulikana. Huanzia kwenye mapanja, juu ya pembe mbili za paji la uso, au utosini, au kote kuwili. Mapengo hayo hupanuka kwa miaka mingi mpaka yakutane. Kinachobaki ni ukanda unaozunguka kutoka sikio moja hadi jingine kupitia kisogoni. Ngozi hubaki safi, haiwashi, haiumi. Nywele hazing'oki kwa mkupuo, bali kila kizazi cha nywele huota chembamba kuliko kilichotangulia.

Sababu yake ilianza kueleweka mwaka 1942, pale James Hamilton, mtaalamu wa maumbile ya mwili huko Marekani, alipoandika kuhusu wanaume waliohasiwa. Aliona kwamba waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara. Walipopewa homoni ya kiume, wale waliotoka katika koo zenye upara walianza kupoteza nywele, na wale ambao koo zao hazina upara walibaki nazo. Kwa maneno mengine, mambo mawili lazima yakutane: homoni na urithi. Mwaka 1975 O'Tar Norwood aliipanga safari hiyo katika hatua saba ambazo waganga wanazitumia hadi leo. Na urithi huo hautoki kwa baba wa mama peke yake, kama tunavyosikia mara nyingi kwenye vikao. Unatoka pande zote mbili.

Upara huu hauhitaji tiba ila kwa anayeitaka. Lakini huwapata wanaume weusi kwa uchache kuliko Wazungu. Ndiyo maana kijana wetu akianza kupoteza nywele akiwa na miaka ishirini, tena kisogoni, au kwa madoa, au kwenye nyusi, tusimwambie haraka kwamba amerithi kwa babu. Kisogo ndicho mahali ambapo upara wa kurithi hauendi. Pengo likitokea huko, lina sababu nyingine, na tunapaswa kuitafuta.

Sarafu, nyoka na nondo

Doa la mviringo kama sarafu, laini, lililotokea ndani ya siku chache, lenye zile nywele za alama ya mshangao ukingoni, huitwa na waganga alopesia areata. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupiga vijidudu, wameshambulia mizizi ya nywele kwa makosa. Karibu watu 2 katika kila 100 hupatwa nayo wakati fulani wa maisha yao. Haiambukizi. Haitokani na jini, wala na nywele zako kuokotwa na adui kwenye sakafu ya kinyozi. Mizizi haijafa, imelala, na kwa wengi wenye doa moja au mawili nywele hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Munganga anaweza kuharakisha kwa dawa ya kortizoni ya kupaka au ya kuchoma sindano ndani ya doa.

Aina moja ya ugonjwa huu hupita kisogoni na kupanda pembeni hadi juu ya masikio, kama mshipi. Waganga wa kale waliipa jina la nyoka, kwa jinsi inavyojizungusha kichwani. Hiyo ni ngumu zaidi kutibika, na ndiyo inayofichwa kwa urahisi na kola ya shati. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha kidonge cha kwanza, barisitinibu, kwa watu wazima ambao ugonjwa umewaangusha nywele nyingi. Bei yake bado iko mbali na mifuko yetu, lakini ni ushahidi kwamba hapa tunazungumzia maradhi ya mwili yenye dawa.

Doa la sarafu kwa mtoto mara nyingi ni kitu kingine kabisa: mapunye. Hapo ngozi ina magamba, inawasha, na nywele zimekatika karibu na ngozi zikaacha vidoti vyeusi. Hao ni kuvu, nao wanaambukiza kwa kofia, kitana, mto na mashine ya kinyozi. Mafuta ya kupaka peke yake hayawafikii, kwa sababu wamejificha ndani ya unywele. Mgonjwa anahitaji vidonge kwa wiki kadhaa. Ninawasihi wazazi wasiwapake watoto krimu za kung'arisha ngozi zenye kortizoni kali zinazouzwa sokoni. Zinapunguza mwasho kwa siku tatu na kuwanenepesha kuvu kwa miezi mitatu.

Ramani ya tatu nitaisema polepole, maana ndiyo inayopotezwa zaidi kwa kunyoa. Mwanaume anakuja na nywele zilizopungua hapa na pale, vidoa vidogo visivyo na mpaka, hasa pembeni na kisogoni, kama shuka la sufu lililoliwa na nondo. Haviumi. Havina magamba. Pengine nyusi nazo zimepungua, pengine kuna vipele hafifu viganjani. Hiyo inaweza kuwa kaswende katika hatua yake ya pili, wiki au miezi michache baada ya kidonda kisichouma ambacho kilipona chenyewe na mtu akakisahau. Akinyoa, kichwa chote kinafanana. Vipele navyo vitaondoka vyenyewe. Ugonjwa utabaki, ukisubiri miaka kadhaa kufika kwenye moyo na ubongo, na katika kungoja huko unamfikia mke, na mimba ya mke.

Kipimo chake ni tone la damu ya kidole. Dawa yake ni penisilini ya sindano, ya bei ndogo, na ikiwahiwa nywele hurudi zote. Mara nyingi nimefikiria jinsi unywele ulivyomfanyia mtu wema hapa: ulimtangulia munganga kusema kilichokuwa kimefichika. Ila lazima pawepo mtu wa kuusikiliza, na wenzi wote wawili waje kutibiwa.

Kisogo na kingo

Nije sasa kwa ndugu zangu vinyozi, maana yapo mapengo yanayotengenezwa na mikono yetu wenyewe.

Wanaume wengi hapa wanapenda kisogo kinyolewe kwa mashine tupu, au kimaliziwe kwa kiwembe. Unywele wetu una mkunjo mkali. Ukikatwa chini kabisa, ncha yake huwa kali kama mwiba, hujikunja na kuingia tena ndani ya ngozi. Ngozi huuona kama kitu kigeni na kuuzingira kwa uvimbe. Vinatokea vipele vidogo vigumu juu ya ukosi. Mtu anakwenda kunyolewa tena ili vipele vitoke, na vinakatwa, vinatoka damu, vinaongezeka. Baada ya miezi vinaungana kuwa kovu nene lisilo na unywele hata mmoja. Hapo shimo la unywele limekwisha kuzibwa na kovu, na hakuna mafuta wala dua ya kulifungua. Waswahili walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ni vile vipele vitatu vya kwanza.

Ugonjwa huu unawapata wanaume weusi kuliko watu wengine wowote. Mwaka 2011 Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town na wenzake walichapisha utafiti uliouhusisha na kutoka damu wakati wa kunyolewa. Damu ikishabaki kwenye meno ya mashine, hatuzungumzii tena urembo. Tunazungumzia homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Kwa mteja: ukiona vipele kisogoni, acha nywele zibaki na urefu wa milimita chache, usikwangue, usivibinye, legeza kola, na uje mapema, kwa sababu vipele vichanga vinatulizwa kwa dawa na kovu halitulizwi. Kwa kinyozi: piga brashi meno ya mashine baada ya kila kichwa, yasafishe kwa dawa ya kuua vijidudu, na kiwembe kiwe cha mtu mmoja kisha kitupwe. Ukiona damu, simamisha kazi usafishe upya. Mteja atakayekasirika kwa kucheleweshwa atarudi wiki ijayo. Ukimwambukiza, hutaweza kumrudishia alichokuja nacho.

Kingo za kichwa nazo zina habari zake. Mwaka 1907 iliandikwa habari ya wanawake wa Greenland waliopoteza nywele za mbele na za pembeni kwa kuzivuta na kuzifunga kwa nguvu. Tangu hapo dunia inajua kwamba unywele ukivutwa kila siku huhama. Zamani niliwaambia haya kina mama peke yao. Leo vijana wetu wa kiume wanasuka mistari na rasta kwa kuwaiga wachezaji wa mpira na wanamuziki. Sina neno na mitindo yao. Nasema tu: msuko ukikuuma usiku wa kwanza mpaka huwezi kulala, umevuta mno, ufungue. Ukiona vipele vidogo kwenye mizizi ya mistari na paji likiwa refu kuliko mwaka jana, pumzisha kichwa. Katika miaka ya mwanzo nywele hurudi. Baadaye hubaki kovu.

Zinapopungua kichwa kizima

Ramani nyingine haina doa. Nywele zinapungua kote sawasawa, zinajaa kwenye mto na kwenye kitana. Hapo swali langu la kwanza ni hili: miezi miwili au mitatu iliyopita ulikuwa na nini? Mara nyingi mtu anafikiri kidogo, halafu anasema: malaria kali. Homa ya matumbo. Upasuaji. Msiba wa mtoto. Mwili ulipokuwa vitani ulizipeleka nywele nyingi mapumzikoni kwa pamoja ili kuokoa nguvu, na sasa mapumziko yamekwisha na zinaanguka kwa pamoja. Anayeelewa hili hatatumia pesa zake kwa mganga wa kuondoa nuksi. Mwili ukipona na kula vizuri, nywele hurudi ndani ya miezi sita au zaidi kidogo.

Lakini nywele zikipungua huku zimebadilika, zimekuwa laini, zimenyooka na kupoteza mkunjo kama za mtoto mchanga, usingoje. Kwa mtu mweusi hiyo inaweza kuwa dalili ya UKIMWI uliokwenda mbali bila tiba. Kipimo ni cha siku moja, na dawa zipo. Nyusi zikipungua kwenye ncha za nje, pamoja na uchovu, kusikia baridi na kufunga choo, tunachunguza tezi ya thairoidi. Nyusi zikipotea na kuna mabaka yasiyosikia mguso, tunafikiria ukoma, ambao nchi yetu haijaumaliza na ambao unatibika kwa vidonge. Nywele za miguu zikitoweka kwa mvuta sigara au mwenye kisukari, na miguu ni ya baridi, tunapima mishipa ya damu. Mnaona sasa: ninapomwomba mtu avue kofia, wakati mwingine namwomba avue na soksi.

Je, ni sumu ya mgodi?

Nimefika kwenye swali ambalo wengi mmekuja nalo. “Munganga, hii si sumu ya mine?”

Mji wetu ulizaliwa na mgodi. Uchimbaji ulianza mwaka 1924 chini ya Union Minière, ukapita mikononi mwa Gécamines, ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 Kipushi ikaanza tena kutoa zinki. Wazee wetu walitoa shaba na zinki, na pamoja nazo risasi, kadimiamu na germaniamu. Katika mawe yale mna pia tenantaiti, jiwe lenye shaba na aseniki ndani yake. Mabaki yaliyosagwa yalirundikwa karibu na nyumba zetu, na wakati wa kiangazi sote tunajua upepo unavyofanya. Kwa hiyo anayeuliza swali hili hapaswi kuchekwa. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Walikuta kobalti nyingi mno kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda, na vilevile aseniki, kadimiamu, risasi na urani. Mwaka 2020 utafiti uliofanyika Lubumbashi ulionyesha kwamba baba anayefanya kazi ya madini yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto mwenye kasoro ya kuzaliwa.

Hayo ni mazito, na mimi nayabeba kwa uzito wake. Hata hivyo hayatuambii kwamba kila upara wa Kipushi umetoka mgodini. Doa la sarafu, shuka la nondo, kovu la kisogoni, haya yapo Nairobi na Dar es Salaam ambako hakuna mgodi wa zinki. Tukilaumu mgodi kwa kila kichwa, kijana mwenye kaswende atakwenda nyumbani bila sindano.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi. Mtu anajipapasa, anakuta nywele zake tele, anasema: mimi vumbi halijanipata. Ndugu zangu, risasi haina desturi ya kuangusha nywele. Inakwenda kwenye damu, kwenye figo, na kwa mtoto inakwenda kwenye ubongo, huku kichwa chake kikiwa na nywele nzuri za kusuka. Kadimiamu inakula figo na mifupa. Aseniki huchora mistari myeupe kwenye kucha na kuichafua ngozi ya viganja na nyayo. Mzee mwenye upara anaweza kuwa na damu safi, na mjukuu wake mwenye nywele tele akawa ndiye mwenye risasi.

Madini ambayo kweli yana sahihi yake kwenye nywele ni thali. Hupatikana kwa chembe katika mawe ya zinki na risasi katika sehemu mbalimbali za dunia, na iliwahi kuuzwa kama sumu ya panya. Zamani waganga walikuwa wakiwapa watoto wenye mapunye ili nywele zao zing'oke, mpaka vifo vya watoto vilipowafanya waache. Mtu aliyeimeza hupata kwanza maumivu ya tumbo, kisha miguu inamwaka moto hata shuka halivumiliki, na baada ya wiki mbili au tatu nywele zinatoka kwa vishungi. Ukiona nywele na nyayo zinaungana katika malalamiko hayo, usiende kwa kinyozi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ueleze unafanya kazi gani.

Unywele huhifadhi aseniki inayopita mwilini, ndiyo maana wapelelezi wa sumu huupima. Lakini unywele wa mchimbaji una vumbi kwa nje, na maabara haitenganishi kwa urahisi vumbi la nje na sumu ya ndani. Kwa mfanyakazi wa mgodi, mkojo na damu husema wazi zaidi. Dai vipimo hivyo kazini, na usiridhike na kuangaliwa kichwa.

Wengine wameniuliza kuhusu kofia ngumu ya kazini. Haileti upara. Jasho na mkanda mchafu vinaweza kuleta vipele vya paji, basi, navyo vinatibiwa kwa kuosha mkanda na kuvaa kitambaa safi ndani. Asiwepo kijana wa kuvua kofia chini ya mwamba kwa kuhofia nywele.

Zinki iliyo chini na zinki iliyo mezani

Nimalizie kwa jambo linalonigusa sana. Mgodi wetu ni miongoni mwa migodi ambayo mawe yake yana zinki nyingi zaidi duniani. Na zinki ni chakula cha nywele. Mtu mzima wa kiume anahitaji miligramu 11 hivi kwa siku. Ikipungua sana, nywele hupungua kote, vidonda huchelewa kupona, ngozi huchubuka kuzunguka mdomo. Miaka ya 1960 mwanzoni, Ananda Prasad alieleza habari za vijana wa Iran na Misri waliodumaa na kuchelewa kubalehe, ambao chakula chao kilikuwa karibu mkate mtupu. Nafaka ina kitu kiitwacho fitati kinachoishika zinki tumboni na kuizuia isiingie mwilini.

Sasa tazama sahani zetu. Asubuhi bukari ya mahindi iliyolala, jioni bukari, na majani kidogo. Mahindi yana fitati. Mtu anaweza kulala juu ya mlima wa zinki na mwili wake ukaikosa. Wala hawezi kuipata kwa kulamba jiwe: zinki ya mwambani imefungwa na salfa, na imefuatana na risasi. Zinki ya mtu iko kwenye maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, kwenye samaki wadogo wanaoliwa wazima, kwenye karanga, yai na nyama ikipatikana. Kuloweka na kuchachusha hupunguza fitati. Bibi zetu waliochachusha unga wa uji walikuwa na sababu, hata kama hawakuwa na jina la kuipa. Na anayekula vizuri asinunue vidonge vya zinki kwa ajili ya upara wa kurithi, kwa sababu havimsaidii, na vikizidi vinaupokonya mwili shaba.

La kufanya

Mkitoka hapa, chukueni hili. Ukiona pengo, au kinyozi akikuambia huku nyuma kuko kitu, mpe simu yako apige picha mbili: moja ya karibu, moja ya kichwa kizima. Kisha njoo kituo cha afya nywele zikiwa bado ziko. Utaulizwa: lilianza lini? Ngozi inawasha, inauma au ina kovu? Uliugua nini miezi mitatu iliyopita? Unafanya kazi gani, na unakula nini? Na nyinyi vinyozi, ambao mnaviona visogo vyetu kuliko wake zetu, msinyamaze. Jicho lenu linaweza kuwa kipimo cha kwanza cha mji huu.

Sasa yule kijana. Nilipomfikia nje aliniambia alikuwa na doa lile miezi miwili, na hakumwambia mtu. Alifikiri ni mgodi. Mama yake alifikiri ni uchawi wa mke wa baba mdogo. Alikuwa amebakiza wiki chache kupeleka mahari, akaogopa wakwe wasije wakasema wameletewa mgonjwa. Nilimwomba jambo moja tu: aache nywele ziote, aje. Alikuja baada ya wiki tatu. Doa lilikuwa pale pale, na ramani yake ilisomeka. Tulimpima damu, ikawa safi. Alichomwa sindano kwenye doa, akaelezwa ugonjwa wake unaitwaje, na akaenda mwenyewe kumweleza mchumba wake.

Wiki iliyopita tulikutana tena kwenye kibanda kile kile. Katikati ya lile doa zilikuwa zimeota nywele mpya, nyeupe, laini, kama mara nyingi zinavyoanza. Kinyozi akaziona, akasimamisha mashine, akamuuliza kama azitoe zifanane na nyingine.

“Acha,” alisema kijana. “Acha zikue.”